Wa Kwanza Mjerumani, wa Pili Mjerumani

Ghubra, Maskati
Jumatano, 13 Mei 1998

Kwa dada'angu mpenzi Mwanamize,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Kwanza nipe hali yako. Goti vipi, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Na shemegi yangu presha imeshuka, au anaendelea kula chumvi kwa siri akidhani humwoni? Wanangu wote nawabusu mmoja mmoja, na yule wa mwisho mwambie khalati yake kaiona ripoti ya skuli na kafurahi. Sisi huku wazima wa mwili, alhamdulillahi. Joto ndo lishaanza kutukaanga, na kiyoyozi cha ukumbini kinatoa maji kuliko baridi.

Ama roho, dada'angu, roho yangu si nzima, na ndiyo maana umepata barua badala ya simu. Simu ya nyumba hii unaijua ilipo, na Mama anakaa hatua mbili kutoka pale kutwa nzima. Haya ninayotaka kukwambia siwezi kuyasema naye akanisikia. Jirani yetu Hatem anasafiri kesho kuja Unguja, kaniahidi atakufikishia mkononi. Nisamehe mwandiko, na nisamehe kama nitapiga kona nyingi kabla sijafika, kwa sababu mimi mwenyewe sijui nianzie wapi, na mambo mengine mpaka leo sijayaelewa.

Ulipoondoka baada ya Idi ulimwacha Mama katulia kwenye msala wake, tasbihi mkononi, anahesabu siku za eda, na televisheni imefunikwa shuka jeupe tangu siku tuliyomzika Baba. Basi hata wiki haijesha, asubuhi moja tumemaliza chai, kaniambia nilitoe lile shuka. Nikadhani anataka kusikiliza khabari. Kumbe kashika rimoti mwenyewe, mtu ambaye skuzote anatuuliza kifungo cha kuzimia kipi, akabonyeza stesheni za dishi moja baada ya moja mpaka akafika kwenye barafu. Akatulia hapo.

Ilikuwa ile Olimpiki ya baridi iliyofanywa Japani. Mchezo wenyewe sijui nikuelezeje. Mtu analala chali juu ya kibao kidogo chenye vyuma viwili chini, miguu imetangulia, usukani hana, breki siioni, halafu anaachiwa kwenye mfereji wa barafu unaopinda na kupinduka kutoka juu mlimani. Anashuka mbio kuliko gari ya barabara ya Nizwa. Akifika chini anainuka, anafuta uso, anakuja mwingine, na mimi naona kama yule yule. Siku ya wanaume kashinda Mjerumani. Siku ya wanawake wa kwanza Mjerumani, wa pili Mjerumani, na baina yao, baada ya kushuka mara nne kwa siku mbili, tofauti ni sehemu mbili tu katika elfu za sekunde. Nikasema hawa wanapimana kwa kupepesa jicho. Ikaja siku ya wale wanaolaliana wawili kwenye kibao kimoja, mie nikatazama pembeni kwa haya, na niliporudisha macho kashinda Mjerumani. Nikadhani stesheni inarudia mkanda. Nikamuuliza Mama kwani nchi nyingine hazina barafu? Kanijibu bila ya kugeuza uso kwamba barafu wanayo wengi, lakini kule mtoto huwekwa juu ya kibao kabla hajajua kusoma. Nikauliza kule wapi. Kaongeza sauti ya televisheni.

Laiti ingekuwa kutazama tu, ningesema mjane katafuta pumbao. Lakini yule mtu akipinda kushoto, Mama naye anapinda kushoto. Kisha akaanza kusema. Si Kiswahili, si Kiarabu, wala si Kiingereza, maneno makavu yanayotoka kooni, anamwambia mtu wa kwenye televisheni sijui kaza, sijui legeza. Yule Mjerumani wa pili aliposhindwa kwa vile vijisehemu viwili Mama alilia, na wa kwanza aliposhinda alicheka, machozi yale yale hayajakauka. Asubuhi iliyofuata nikamkuta amelala chali sakafuni mbele ya televisheni, miguu mbele, mikono kaibana ubavuni, kichwa kakiinua kidogo, na nguo zake za eda. Mama yetu, Mwanamize. Mama ambaye hakai hata kochini akavuka mguu.

Bahati mbaya nyuma yangu alikuwa shangazi Bi Masouda. Unamjua, kaja kukaa na wifi yake eda nzima, na hakuna kinachopita mbele yake kikasalimika. Alipiga kelele moja tu, kisha akanivuta jikoni akaniambia mambo yako wazi: Mama kapandwa na shetani, na shetani mwenyewe Mzungu. Kasema kwao Tabora alimwona mwanamke wa hivyo kwa macho yake, akisema lugha asiyoijua na akitaka vitu vya baridi. Mimi nikamwambia tusiharakishe. Lakini sikufichi, nilishaanza kumwamini.

Nikampigia kaka Muhanna. Naye kaja na lake. Hakutaka kusikia shetani, kasema hii ni akili inaondoka, watu wazima ndivyo wanavyoanza, na Mama asiachwe tena peke yake katika nyumba hii. Ikimalizika eda atampeleka kwa daktari, apate cheti kwamba hawezi kujiendesha, kisha amhamishie kwake Mawaleh na nyumba ya Ghubra ipangishwe. Alisema kwa wema, sitaki umfikirie vibaya, sauti ilikuwa inamkatika. Lakini alikuwa anasimama ukumbini anamzungumza Mama kama vile hayupo, na Mama yupo pale pale anakunja nguo.

Siku hiyo, alipoondoka Muhanna, nilikaa chini mbele ya Mama nikamshika magoti. Nikamwambia anihurumie, aniambie hasa kitu gani kinachompata. Kaweka pembeni nguo aliyokuwa akiikunja, akasema:

"Nna neno, Shariffa, lakini si langu peke yangu. Ngoja nimtoke baba yako eda."

Ndiyo maneno yake, sikuyaongeza wala sikuyapunguza. Na mimi, dada'angu, sikungoja. Nilimruhusu Bi Masouda amlete Mwalimu Bakhit kutoka Sidab. Mama yumo edani, hawezi kuonana na mwanamume asiyekuwa wake, kwa hivyo Mwalimu alikaa nyuma ya pazia la ukumbini, akasoma, akasikiliza sauti ya Mama inavyozungumza na televisheni. Alipomaliza katuita sisi wawili nje. Akasema huyu katoka nchi ya baridi, na hakuja bure, mna kitu kimefichwa ndani ya nyumba kinamlisha. Tukitafute. Hapa naparuka, nitaparudia, usinihimize.

Eda ilikwisha mwezi uliopita. Tulimkosha, tukamvisha, tukamfukiza udi, wanawake wakaja, Bi Masouda akapika, na hamna shetani aliyeonekana. Walipoondoka wageni Mama katuita mimi na Muhanna ndani, kafunga mlango. Kasema alikuwa ana ahadi na Baba, na ahadi ya mume haivunjwi akiwa hai wala ndani ya eda yake, lakini sasa imekwisha. Na alichotwambia ndicho hiki. Kaa chini kwanza.

Mama yetu ni muuguzi. Mwaka sitini na tano, yeye ana miaka ishirini, alichaguliwa pamoja na wasichana wengine wa Unguja akapelekwa Ujerumani ya Mashariki. Alikaa huko kipindi cha baridi mara tatu, kwenye mji mdogo wa milimani ambao jina lake nimejaribu kulitamka nikauma ulimi. Kasoma kwa lugha yao, kafanya mtihani kwa lugha yao, kapata cheti na beji. Siku za Jumapili wasichana wa bweni walikuwa wakipanda mlimani na vibao vyao vya kuteleza. Alikuwepo mmoja, Hannelore, ndiye aliyemfundisha: begani ndiko kunakopindia, mguu unasaidia tu, na kichwa ukikiinua sana umepotea. Mama kasema mara ya kwanza alisoma shahada mpaka chini. Mara ya kumi alikuwa anawashinda. Lile jino lake lililovunjika, tuliloambiwa kaanguka kisimani, kalivunjia huko, na aliinuka akacheka na damu mdomoni.

Alirudi, kafanya kazi hospitali ya Unguja, kaolewa na Baba, mkazaliwa nyinyi wawili. Mwaka sabini na nne tukaja huku, mimi nikiwa tumboni. Baba alikuwa anaomba kazi serikalini, na kusini mwa Omani vita havijakwisha, wanapigwa watu walioitwa wakomunisti. Baba akaingia khofu. Mke kasomeshwa na wakomunisti, ana barua za wakomunisti, yeye mwenyewe atatazamwa kwa jicho gani? Labda hakuna hata mtu ambaye angeuliza, Mama mwenyewe anasema mpaka leo hajui. Lakini Baba alipojaza fomu, mahali pa elimu ya mke, kaandika hakusoma. Kisha akamwomba Mama aape. Na Mama akaapa, kwa sababu alikuwa ana watoto wawili na wa tatu njiani.

Basi miaka ishirini na nne mwanamke huyu kaishi kama asiyejua kitu. Unakumbuka alivyopelekwa darasa la kina mama la kufuta ujinga, akirudi na daftari lake la alifu na bee? Tulikuwa tunamcheka. Na mwaka juzi mwanangu Aseel aliposhikwa na homa, mimi nilimkalisha Mama chini nikamfundisha kusoma kipimajoto. Nilimwonyesha kile kimstari, nikamwambia hapa ndipo penye khatari. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema ahsante mwanangu. Kila nikikumbuka nataka ardhi inimeze.

Nikamuuliza, na hao Wajerumani wa kibao? Kasema nchi ile iliyomsomesha haipo tena, imeungana na mwenziwe, jina limefutwa. Barua alikatazwa kuandika. Hannelore hajui kama yu hai. Kitu kimoja tu kilichokuwa kinamfikia ni ule mchezo, kwa sababu kila miaka minne, zamani wale wa Mashariki na sasa Ujerumani nzima, wanashinda wao kwa wao, na yeye akiliona jina geni la msichana anajiambia labda huyu ni mtoto wa fulani, labda kafunzwa mlima ule ule. Na hili nalo nikwambie: Baba alikuwa anajua. Kila msimu ule ukifika alikuwa ananunua gazeti la Kiingereza, analikunja kwenye ukurasa wa matokeo, analiacha chini ya mto wa Mama, na wala hasemi neno. Ndo ndoa yao ilivyokuwa. Mimi siielewi na sijui kama nitaielewa.

Muhanna hakuamini. Alimsikiliza kwa adabu, kisha nje akaniambia Mama kachanganya televisheni na maisha yake, na kwamba sasa lazima zaidi aonwe na daktari. Mama kamsikia kwa dirishani. Hakukasirika. Alitwambia turudi ndani, akasema ushahidi anao. Cheti chake, beji, picha yake na kanzu nyeupe kati ya wasichana kumi na moja, na barua nne za Hannelore, vyote kavishonea katika kitambaa cheusi kabla hatujapanda ndege, na kaviweka ndani ya ule mto wa zamani wa sufi ulioko chini kabisa ya sanduku lake. Baba ndiye aliyemruhusu abaki navyo, mradi visifunguliwe. Akanituma mimi nikaulete mto.

Dada'angu, sasa naparudia pale.

Mwalimu Bakhit alitwambia tutafute kitu kilichoshonwa. Tukikipata tusikifungue, maana atakayekifungua atakipokea yeye na mwanawe mdogo. Tukiroweke kwenye maji ya chumvi na majani ya mkunazi siku tatu, kisha kitoswe baharini. Mama alipokuwa anakoga nilifungua sanduku lake. Niliupapasa ule mto, mkono ukagusa kitu kigumu. Nikafumua mshono, nikakitoa: kitambaa cheusi, kimeshonwa pande zote kwa mkono, kizito, kama hirizi kubwa. Nikamfikiria Aseel. Sikukifungua. Nilikiroweka siku tatu ndani ya ndoo, nyuma ya nyumba, na siku ya tatu maji yalikuwa yamegeuka buluu, na Bi Masouda akasema umeona, uchafu unatoka. Kumbe ni wino. Nikakichukua mpaka pwani ya Sidab, nikatembea mpaka mwisho wa mawe, nikakirusha kwa nguvu zangu zote, nikarudi nyumbani nimefurahi. Mshono wa mto niliurudisha vizuri, unanijua mkono wangu kwa sindano.

Ni mimi. Bi Masouda anajua tulikiroweka, hajui kilikuwa na nini. Mwalimu alisema alilolijua. Mimi ndiye niliyeambiwa na mama yangu ningoje, nikashindwa kungoja.

Sasa nisikilize lililotokea baada ya hapo, kwa sababu la kifurushi si kubwa kuliko hili. Nilimletea mto, ningefanyaje? Kaufumua mwenyewe, katia mkono, kautia mpaka kwenye kiwiko. Sufi ikamwagika mapajani. Katafuta tena polepole, kama anayetafuta sindano. Muhanna kainamisha kichwa, na nilijua anafikiri nini: umeona, hakuna. Mama akamtaja Baba kwa jina lake, si kwa ukali:

"Kumbe Mahfoudh alikichoma."

Hukuwepo siku ya maziko, lakini nilikuhadithia: jeneza likiwa ukumbini, wanaume wanataka kulitoa, Mama alisimama nyuma ya mlango akasema mbele ya wote kwamba kamsamehe mumewe kila alilomkosea, duniani na akhera. Watu walilia. Basi siku hiyo ya mto, na sufi mapajani, kainua mikono kama anayeomba dua, akasema:

"Ya Rabi, ule msamaha niliompa nimeurejesha. Nilimpa ulimi wangu, akachukua na uso wangu."

Na mimi nimesimama pale, Mwanamize. Nimemsikia. Baba yangu yumo kaburini miezi mitano, hana wa kumsemea, kabebeshwa kosa langu, na mimi mdomo wangu mzima na sikuufungua. Tangu siku hiyo Mama hamsomei. Alhamisi ikifika tulikuwa tunamsomea Yasini pamoja. Sasa ikifika anainuka anaenda kulala. Muhanna kapata siku kwa daktari, Jumamosi ijayo. Na Mama hakatai tena kwenda. Hilo ndilo linaloniua zaidi. Alikuwa akibishana naye kila siku juu ya nyumba hii, sasa kasema wampeleke wanakotaka, yeye hana cha kuwaonyesha.

Nnakuomba mawili. La kwanza, nenda hospitali, uliza wauguzi wa zamani, wastaafu, mtu yeyote aliyefanya kazi na Mama, Bi Sayyida, kati ya sitini na nane na sabini na nne. Mtu mmoja tu akikumbuka, mpeleke kwenye simu azungumze na Muhanna kabla ya Jumamosi. Daftari la zamani, picha ya ukutani, chochote. Wewe una bidii kuliko mimi.

La pili, ukishaisoma hii, piga simu nyumbani, na mtake Mama mwenyewe. Muulize kama Shariffa keshamwambia. Nimekwambia hivi kusudi. Mimi najijua, nikiachiwa nitasema kesho, na kesho nitasema keshokutwa, mpaka nimzike na yeye hali akimchukia Baba. Lakini Hatem akishaipeleka bahasha hii sina tena pa kujificha. Utaipata kesho jioni au asubuhi ya Ijumaa. Kabla ya hapo lazima awe amesikia kutoka kwangu. Akininyima radhi yake nitaipokea, ila Baba arudishiwe yake.

Nisalimie shemegi, wakwe, majirani wa ghorofa ya chini, na Bi mkubwa wa duka la vitambaa mwambie rangi niliyotaka ni ile ya kunde, si ile ya udongo. Muhanna anakusalimu, Bi Masouda pia, na Aseel kakuchorea ua, limo ndani. Mama sikuletei salamu zake kwa sababu hajui kama nnakuandikia. Yupo upande wa pili wa mlango huu, kaniita mara mbili nikamshikie uzi anashona. Nagundisha bahasha, nampelekea Hatem hapo nje, halafu naingia kwake.

Niombee dua.

Mdogo wako,
Shariffa binti Mahfoudh